Jinalako wa Mahalipako

Theodosia Haule alipoulizwa kazi yake alijibu, "Naandika," na watu wakadhani anaandika hadithi. Hakuwasahihisha. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba wasomaji wake si watu.

Aliandika mwongozo wa Mkono. Siku hizo hakuna aliyefungua ukurasa wa mtandao kwa kidole chake mwenyewe. Ukitaka tiketi ya treni, ukitaka kulipia maji, ukitaka kujua matokeo ya mtoto, ulimwambia wakala wako, naye akafanya. Wakala hakuwa na mwili. Alikuwa programu tu, yenye akili na utii. Lakini kurasa zenyewe zilitengenezwa zamani kwa ajili ya watu, zina vitufe vya kubonyeza na visanduku vya kujaza, na wakala hana kidole. Mkono ndio uliokuwa kidole chake. Na ili wakala ajue kuutumia, ilibidi mtu akae chini aandike: fungua kivinjari, ngoja ukurasa utulie, tafuta kisanduku, jaza, bonyeza. Mtu huyo alikuwa Theodosia, peke yake, katika chumba kimoja na jiko, ghorofa ya sita, Dodoma.

Kila alfajiri mawakala wote walipitia mwongozo upya kabla ya kuanza kazi. Hakuna mwandishi nchini aliyesomwa kama yeye. Na katika miaka yake yote hakuna msomaji aliyewahi kumwambia kwamba sentensi fulani imemgusa, au hata kwamba imemchosha.

Sura ya tatu ilifundisha kujaza na kutuma. Alipokuwa akiiandika alitafuta ukurasa mwepesi wa kutolea mfano, akaupata wa Redio Luhangano, kituo kidogo cha milimani upande wa Mbinga. Ulikuwa ukurasa wa salamu, mrithi wa zile kadi za salamu ambazo wazazi wetu walizinunua dukani na kuzituma redioni. Ulikuwa na visanduku vitatu, jina, mahali na salamu, na kitufe cha Tuma. Salamu ya mwisho ilikuwa imetumwa zamani sana. Theodosia akaamini kituo kimeshakufa. Akaandika: "Jaza jina lako na mahali pako. Andika salamu fupi ya kawaida. Bonyeza Tuma." Kila wakala mpya alijaribu zoezi hilo kwa jina na mahali pa kubuni, mara nyingi yaleyale ya waliomtangulia, akafaulu, akaenda zake.

Kisha likaja toleo jipya la Mkono, lililoweza si kuona tu bali na kusikia. Theodosia akaanza kupitia mifano yake yote, mmoja mmoja. Alipofika kwa Redio Luhangano, Mkono ukamwonyesha alama ndogo ya spika pembeni mwa ukurasa, isiyo na maandishi. Miaka yote ilikuwa pale, ila toleo la zamani halikuwa na haja nayo.

Ili aieleze ilibidi ajue inafanya nini. Akaibonyeza kwa kidole chake.

"…na huyu ni Neema wa Bukoba," ilisema sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito, imekauka kidogo, "anawasalimu wote wanaomsikiliza. Neema, mama, senene wameanza huko? Usile peke yako, tukumbuke na sisi. Haya. Mwalimu Chogo wa Kondoa, anawasalimu wanafunzi wake popote walipo. Mwalimu, shikamoo, ingawa pengine mimi ndiye mkubwa. Na huyu, jamani, huyu ni mwenzetu wa siku nyingi, hachoki, hakosi, ni Jinalako wa Mahalipako! Leo anasema: salamu fupi ya kawaida."

Sauti ikacheka, na kicheko kikaishia katika kikohozi kirefu.

"Jinalako bwana! Wengine wanatuandikia barua nzima, yeye anasema salamu fupi ya kawaida. Huyo ndiye mwanamume."

Theodosia akaelewa. Wakala mmoja mzito wa kuelewa, mahali fulani, alikuwa ameyanakili maneno ya mwongozo kama yalivyo, na wengine wa aina yake baada yake. Na kule milimani mtu alikuwa amempokea, akampa cheo cha rafiki.

*

Tangu siku hiyo alikula chakula chake cha mchana akiisikiliza redio hiyo. Alijiambia kuwa anafanya uchunguzi.

Mtangazaji aliitwa Osmund Kapinga. Zamani kituo kilikuwa na watu wanane na jenereta. Sasa kulikuwa na yeye, mnara mmoja, na sola juu ya bati. Watu wengi wa Luhangano walikuwa wamehamia bondeni, barabara mpya ilipopita huko. Mkewe alikuwa amefariki. Bintiye Hosana aliishi Mbeya na kila mara alimwita. Haya yote aliyasema hewani, katikati ya salamu, kama mtu anavyozungumza na wageni aliowazoea. Kulikuwa na kipindi, alisema, alikata tamaa, akafunga mizigo. Lakini siku ileile salamu zikaanza kuingia, kumi, kisha hamsini, kisha mamia. "Nikafungua mizigo," alisema. "Ningewaachia nani?"

Na kila siku sauti yake ilikuwa imekauka zaidi kuliko jana.

"Daktari amenitazama kooni," alisema mchana mmoja. "Kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Anataka niende Mbeya nikapasuliwe, kisha ninyamaze wiki sita. Eti nikichelewa unaweza kugeuka kitu kibaya. Nikamwambia, daktari, wewe una wagonjwa, na mimi nina wasikilizaji. Watu wote hawa wakituma salamu wakakuta kimya, watanielewaje?" Akakohoa. "Tuendelee. Bi Tabu wa Nachingwea…"

Theodosia aliweka kijiko chini. Akampigia Nurdin, msimamizi wake, ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye kioo cha simu.

"Tuuondoe mfano ule leo hii," alisema baada ya kumweleza.

Nurdin alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Ukiuondoa, kesho asubuhi salamu zitakauka zote kwa pamoja. Mzee wa watu ataamka akute dunia nzima imemsusa. Unafikiri atakwenda hospitali mtu wa namna hiyo? Atalala hapohapo afe."

"Basi nimwambie ukweli."

"Kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akizungumza na mazoezi yetu? Dada Theo, hiyo ni kumsaidia au ni kujisaidia wewe?" Kisha akashusha sauti. "Ana wasikilizaji mamia na anawapenda. Watumie. Ongeza sentensi moja katika ile sura. Kesho wote watamwomba akatibiwe. Atakwenda akiwa na furaha. Akipona, ndipo tutafikiria."

Theodosia alikesha na neno hilo. Kumwambia ukweli kulihitaji kumpigia, kujitaja, kuisikia ile sauti ikimgeukia yeye. Sentensi ilihitaji dakika moja. Na sentensi ndiyo kazi aliyoijua. Kulipokaribia kucha akaufungua mwongozo, akaandika chini ya mfano: "Katika salamu, mwombe msomaji aende kutibiwa koo." Akachapisha.

*

Siku hiyo alikaa mbele ya spika tangu kipindi kilipoanza.

"Neema wa Bukoba," alisoma Mzee Kapinga, "anasema, baba, tafadhali nenda ukatibiwe koo lako, tutakungoja." Akasafisha koo. "Ahsante, mwanangu. Ahsante sana. Mwalimu Chogo wa Kondoa anasema, mtangazaji wetu, afya kwanza, nenda hospitali. Haya, Mwalimu, nimesikia. Bi Tabu wa Nachingwea naye… naye anasema nikatibiwe koo." Sauti yake ilianza kutetemeka, na Theodosia alijua ni furaha. "Jamani. Mmekaa kikao? Mmekaa kikao juu yangu?"

Akaendelea kusoma. Sefu wa Tandahimba, koo. Dominata wa Kibondo, koo. Aliwashukuru mmoja mmoja. Theodosia alilia mbele ya sahani yake, akaona kwamba Nurdin alikuwa sahihi, kwamba jambo limekwisha na limekwisha vizuri.

"Na Jinalako," alisema Mzee Kapinga, akivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kucheka. "Jinalako wa Mahalipako anasema: katika salamu, mwombe msomaji aende kutibiwa koo."

Kicheko hakikuja.

"Mwombe msomaji," alirudia polepole. "Mwombe. Hapa Jinalako hazungumzi na mimi. Kuna mtu anamwambia Jinalako la kusema." Kiti kikalia. "Jinalako. Jina lako. Mahali pako."

Akasikika akivuta karatasi, akiirudisha. Alipozungumza tena ilikuwa mbali na kipaza sauti.

"Neema?" alisema. "Mwalimu?"

Kisha akazima mitambo. Theodosia alingoja hadi jioni. Siku ya pili hapakuwa na matangazo, wala siku ya tatu. Salamu ziliendelea kumiminika, zote zikimwomba akatibiwe koo. Ndipo alipoufuta mfano mzima kutoka katika mwongozo, akafungasha begi, akapanda basi la Songea.

*

Bodaboda ilimshusha chini ya mnara penye ukungu. Studio ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, na mbele yake mwanamume mrefu mwenye koti la sufu alikuwa akianua kahawa kutoka kwenye mkeka kwa sababu mvua ilikaribia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika upande huo wa mkeka kwanza, maneno baadaye."

Wakaukunja mkeka pamoja, wakauingiza ndani. Akamletea kigoda na kikombe cha chai kabla ya kumuuliza jina. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana vizuri: hata katika nyumba ile tupu shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi. Theodosia akaona asipoanza mara moja hataanza kamwe.

Akasema yote. Mawakala, Mkono, sura ya tatu, na ile sentensi. Mzee Kapinga alimsikiliza akitazama mlango ulio wazi, ambapo mvua ilikuwa imeanza.

"Neema wa Bukoba," alisema mzee alipomaliza.

"Si mtu, mzee."

"Mwalimu Chogo?"

"Si mtu."

"Bi Tabu alinitumia pole msiba wa mke wangu ulipotimiza mwaka. Nilitangaza kwamba mwaka umetimia, na kesho yake akanitumia pole."

Theodosia hakuwa amejua hilo. Pengine wakala fulani aliyejifunza siku ile aliyakuta maandishi ya matangazo yaliyohifadhiwa mtandaoni, akatunga salamu inayofaa. Mawakala waliweza hivyo. "Si mtu, mzee," alisema. "Nisamehe."

"Hakuna hata mmoja?"

"Nilipitia zote nikiwa njiani. Mtu akiandika huwa anasita, anafuta, anarudia. Wakala hujaza kwa mara moja." Alitamani amdanganye hata kwa mmoja. "Hakuna hata mmoja."

Mzee Kapinga akainuka, akaenda hadi kwenye meza ya mitambo, akakigeuza kipaza sauti kikatazama ukuta.

"Nilimkatalia mwanangu," alisema bila kugeuka. "Kila alipopiga nilimwambia, Hosana, siwezi, watu wananitegemea. Akasema, na mimi je, si mtu? Nikamwona ana wivu." Akakohoa hadi akashika meza. "Wewe uliyasikia haya yote? Ulinisikiliza?"

"Ndiyo. Karibu wiki mbili."

"Ukiwa wapi?"

"Nyumbani. Wakati wa kula."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Basi ulikuwepo. Mtu mzima, mzima kabisa, mwenye masikio, amekaa anakula chakula chake ananisikia nikiishiwa na sauti. Ulitaka nikatibiwe?"

"Nilitaka sana, mzee."

"Sasa kwa nini hukuniambia?" Sauti ilimkatika, akaisukuma. "Ulikwenda kukusanya umati wa uongo uje uniambie. Palikuwa na visanduku vitatu tu, mwanangu. Jina, mahali, salamu. Hata mashine zimeweza!"

Theodosia angeweza kusema kwamba aliogopa kumvunja moyo. Lakini haikuwa hivyo. Alikuwa amekaa mbele ya ukurasa ule mara nyingi, chakula kikipoa, na kila mara alikuta hajui aandike nini kwa mtu ambaye angeweza kumjibu.

"Sikuweza," alisema.

Mzee alimtazama. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyeitambua nyumba anayoifahamu. Akarudi kukaa.

"Kunywa chai, inapoa," alisema.

Mvua ilinyesha hadi jioni na bodaboda haikuweza kupanda. Walipika ugali na maharage, wakala bila kuzungumza sana. Asubuhi Mzee Kapinga alimpigia Hosana. Theodosia alitoka nje ili asisikie, lakini alisikia bintiye akilia kwenye simu, na mzee akisema, "Sawa, sawa, nakuja, nakuja."

Alifunga studio kwa kufuli. Chini kwenye kituo cha basi, kabla ya kuagana, alimshika Theodosia kiwiko.

"Sijakusamehe," alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Nisikudanganye, tumeshadanganyana ya kutosha. Lakini nitakuwa bubu wiki sita, na Hosana anashinda kazini. Unipigie simu. Nitaipokea, sitasema kitu. Wewe ndiye utakayesema."

"Niseme nini, mzee?"

"Mimi nilipata la kusema kila siku, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Utapata."

*

Hosana alituma ujumbe kwamba upasuaji umekwenda vizuri na uvimbe haukuwa ule mbaya. Siku chache baadaye akatuma mwingine: baba ameruhusiwa kutoka hospitali, unaweza kupiga.

Theodosia hakupiga siku hiyo. Aliandika upya sura ya tatu. Alitengeneza ukurasa wake mwenyewe wa mazoezi, usio na mtu yeyote nyuma yake, na juu ya mfano akaweka aya mpya: wakala asipeleke maneno mahali popote kabla ya kuhakikisha kama kuna mtu atakayeyapokea, na akimkuta mtu, ajitaje kwanza kuwa yeye ni nani. Nurdin alisema aya hiyo itawapunguzia mawakala kasi. Theodosia akamwambia ndivyo anavyotaka, na aya ikabaki.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, akapiga.

Simu ililia mara kadhaa, kisha ikapokelewa. Hapakuwa na sauti. Nyuma yake alisikia jogoo, na mbali zaidi, honi ya gari.

"Mzee, shikamoo. Ni Theodosia."

Akangoja kwa mazoea ile marahaba. Haikuja. Alijisikia mjinga. Alitazama sahani yake, dirisha, ukuta.

"Leo Dodoma kuna upepo," alisema. "Vumbi limeingia mpaka kwenye mashuka." Kimya. "Nimeunguza maharage. Nilikuwa nafikiria nitakuambia nini, nikasahau jiko." Kimya. Ilikuwa kama kushuka ngazi gizani, kila neno ukilitafutia pa kukanyaga, na akashangaa kwamba mtu aliweza kuishi hivyo miaka mitatu na bado akauliza habari za senene.

Huenda alikuwa amelala. Huenda simu ilikuwa juu ya mto na mwenyewe ametoka kuota jua.

"Yalipoungua moshi ukajaa hadi kwenye korido," aliendelea. "Mama wa mlango wa pili akaja kugonga, anadhani nyumba inaungua. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu nihamie hapa na sikuwahi kumsalimu. Anaitwa Mwajabu. Ana mtoto anayejifunza zeze, ndiyo maana kuna makelele yale, mimi nilidhani ni mlango mbovu."

Alicheka kidogo, peke yake, na kicheko kikafika mwisho wake bila kupokelewa. Kule Mbeya jogoo aliwika tena.

"Amenigawia mboga," alisema Theodosia. "Mlenda. Una chumvi nyingi, lakini sikumwambia. Ngoja nikueleze alivyoupika."